Butiki tuliyorithi



Jumatatu moja ya Agosti, zikibaki wiki tatu shule zifunguliwe, simu yetu ililia kabla hata uji wa watoto haujaiva. Alikuwa mama mmoja wa Katuba, mshonaji. Hakusalimia. Alisema tu: "Mwalimu, butiki iko nyeupe! Hamuna kitu ndani!"

Tulifungua kwenye simu yetu tuone. Kweli. Pale palipokuwa na picha za mashati meupe na sketi za buluu, bei zake na jina la chama, palikuwa na ukurasa mweupe kama karatasi ya mtihani ambayo mtoto ameirudisha bila kuandika hata jina lake.

Kwa wamama walioingia chama mwaka huu, tueleze kidogo. Tangu 2019 chama chetu kina butiki kwenye intaneti. Wamama 31 wanauzia humo: iniforme za shule, bitenge, sabuni, unga wa lishe wa watoto. Wanunuzi wengine wako hapa hapa Lubumbashi, wengine ni watoto wetu walioko Ubelgiji au Afrika Kusini. Wanachagua iniforme ya mpwa wao, wanalipa kutoka huko, na sisi tunampelekea mtoto nyumbani kwa pikipiki. Katika kila mauzo, asilimia 5 inaingia sanduku la chama. Na hakuna mwezi wa kuuza kama Agosti. Siku ile wamama 14 walikuwa wamekwisha kushona iniforme 310, na wengine walinunua kitambaa kwa feza waliyopokea kwenye likelemba. Feza ile ingerudi vipi kama butiki imefungwa?

Sasa tuwaambie namna tulivyoifungua tena. Tulisaidiwa na akili bandia, ile ambayo watoto wanaitumia kufanyia kazi za nyumbani tukiwa tumegeuka. Lakini msifikiri kwamba tulibonyeza kitufe kimoja tu.

Kwanza tulitaka kujua nani ana funguo. Butiki ile ilijengwa na kijana wa mama mmoja wetu, akiwa bado anasoma informatike. Aliijenga vizuri, bila malipo, kwa moyo. Kisha alimaliza masomo, akapata kazi ng'ambo, akaenda. Sisi tulibaki na butiki kama mjane anayebaki na nyumba: analala ndani, anafagia, anapokea wageni, lakini karatasi za kiwanja ziko mikononi mwa shemeji. Jina la butiki kwenye intaneti liliandikishwa kwa jina la kijana. Mahali linapokaa palilipwa kwa kadi yake. Maneno ya siri yalikuwa katika barua-pepe yake ya zamani aliyokuwa haifungui tena. Siku nne zilipita kabla ya kumpata, kisha akakaa nasi kwenye WhatsApp usiku wa manane, saa za kwake na za kwetu zikipishana, akitupa funguo moja moja. Hatumlaumu hata kidogo. Kosa ni letu: miaka sita hakuna aliyemwomba.

Ndiye aliyetueleza ugonjwa wenyewe. Butiki ilijengwa juu ya WordPress na WooCommerce, programu za bure zinazotumiwa na maduka mengi duniani. Zenyewe zinaandikwa kwa lugha ya mashini inayoitwa PHP. Lugha hiyo inabadilika kama Kifaransa cha vitabu vya shule: kuna maneno yanaondolewa. Toleo la 7.4, lile la butiki yetu, liliacha kutunzwa na wenyewe mwishoni mwa Novemba 2022. Kampuni inayotukodisha mahali ilingoja, ilituma barua za kuonya kwa kijana, katika ile barua-pepe isiyofunguliwa, na mwishoni ikaweka toleo la 8. Kipande ambacho kijana alikiandika kwa mkono wake, kile cha kuhesabu asilimia ya chama na bei ya kupeleka, kilikuwa na maneno ya zamani. Mashini ilikisoma, ikakwama, ikatoa ukurasa mweupe.

Tuliuliza bei ya kujengewa upya. Fundi mmoja wa mjini alisema dola 900. Huenda kazi yake inastahili bei hiyo, lakini sanduku letu halikuwa na hata nusu yake. Hapo binti wa mmoja wetu, anayesoma informatike mwaka wa pili, akasema: tujaribu zile mashini zinazojenga programu kwa kuambiwa.

Ziko nyingi sasa. Kuna Lovable ya Sweden, kuna Replit na Bolt za Marekani, na nyingine. Tuliyoitumia sisi hatutaitaja, maana tutasema mabaya yake pia, na gazeti hili si la matangazo. Namna zinavyofanya kazi inafanana. Unafungua ukurasa, unaandika kwa maneno ya kawaida unachotaka, Kifaransa au Kiingereza, hata Kiswahili. Mashini inaandika programu yenyewe, inakuonyesha matokeo pembeni. Unasema "kitufe kiwe kikubwa", inakibadilisha. Nyingi zinatoza karibu dola 20 mpaka 25 kwa mwezi, na kila unapoiambia jambo inakula sehemu ya malipo yako, kama inite za simu. Basi mtu asiyejua anachotaka atamaliza inite zake akibadilisha rangi. Mtaalamu mmoja wa mambo haya, Andrej Karpathy, Februari 2025 aliipa kazi ya namna hiyo jina la Kiingereza linalotaka kusema kujenga kwa kufuata hisia, bila kuangalia sana mashini imeandika nini. Yeye alisema inafaa kwa vitu vidogo vya wikendi. Feza ya wamama 31 si kitu cha wikendi.

Jumamosi tulikaa katika darasa letu la mwaka wa tano: Mama Prezida, mweka-hazina, wamama wawili wa ushonaji, binti yetu na sisi mwalimu. Kompyuta ilikuwa moja, na mega zilitoka kwenye simu ya Mama Prezida. Kabla ya yote, binti alitoa kopi ya butiki nzima ya zamani: bidhaa, wanunuzi, komandi zote tangu 2019. Flash moja ilibaki kwa Mama Prezida, ya pili tulirudi nayo nyumbani. Kisha tukaandika ombi la kwanza.

Dakika zisizofika 30, butiki mpya ikasimama. Nzuri! Wamama walipiga vigelegele hadi mlinzi wa shule akaja kuchungulia. Rangi za kupendeza, picha zilizopangwa sawa, na inafunguka haraka hata katika simu ndogo, wakati ile ya zamani ilikuwa inakula mega kama pikipiki mbovu inavyokunywa mafuta.

Halafu mama mmoja akasoma chini ya ukurasa. Kulikuwa na sifa za wanunuzi watatu, na nyota tano tano, na majina yao. "Huyu ni nani?" akauliza. Hakuna aliyemjua. Mashini ilikuwa imejitungia wanunuzi na kuwawekea maneno kinywani, kwa sababu butiki nyingi ilizozisoma zina sehemu ya namna hiyo. Tulizifuta zote tatu. Chama hakiwezi kuanza kuuza kwa uongo, hata kama uongo umeandikwa vizuri.

Kiswahili chake nacho kilikuwa na vituko. Mahali pa kuweka vitu unavyotaka kununua, iliandika "gari la ununuzi". Wamama walicheka: "Kumbe tunauza na magari?" Tuliandika "kitunga", na sasa kila mtu anaelewa. Bei iliziweka kwa dola peke yake, malipo kwa kadi ya benki peke yake. Ni wangapi kati yetu wana kadi? Ilikuwa imejenga duka la mji mwingine.

Hapo ndipo sisi walimu tulipoona kwamba tunaifahamu kazi hii. ISP walitufundisha kwamba somo bila fishi ya maandalizi ni kelele tu. Tulifunga kompyuta, tukachukua karatasi na kuandika fishi: butiki inafanya nini tangu mnunuzi anapoingia mpaka mama anapopokea feza yake mkononi. Kila mama akasema anachokijua. Kupeleka Kenya na Kamalondo ni bure kama komandi imepita dola 20. Rwashi inalipiwa. Siku ya Ijumaa komandi zinafungwa saa sita. Ilichukua saa tatu, na tulibishana sana, kwani ilionekana kwamba watu watatu wa kamati walikuwa na sheria tatu tofauti juu ya iniforme inayorudishwa kwa sababu ni ndogo.

Sheria nyingine hazikuwa katika kichwa cha mtu yeyote. Zilikuwa ndani ya kile kipande cha kijana. Basi binti aliipa mashini kipande hicho, akaiambia ihamishe hesabu zote kwenye butiki mpya. Ikajibu kwa dakika chache kwamba imemaliza, na kwamba imesafisha pia mistari isiyo na kazi. Kila kitu sawa, ilisema.

Mwanafunzi akikuambia amemaliza na kila kitu ni sawa, unafanya nini? Unampa mtihani ambao majibu yake unayo. Tulichukua komandi 20 za zamani ambazo zilikwisha kulipwa, tukaziingiza katika butiki mpya moja moja, tukaangalia kama hesabu inatoka kama ilivyotoka siku ile. Kama kuna kitu kimoja mtakachokumbuka katika makala hii ndefu, kiwe hicho. Hakihitaji kujua informatike. Kinahitaji daftari la zamani, kalamu na mtu mwenye subira.

Komandi 17 zilikubali. Tatu zilikataa.

Ya kwanza ilikuwa ndogo. Butiki mpya ilidai franka 33.637. Ya zamani ilikuwa imeandika 33.600, kwa sababu kijana alijua kwamba dereva wa pikipiki hawezi kurudisha franka 37. Mashini haijawahi kutafuta sanji sokoni. Tuliirekebisha.

Ya pili ilitunyamazisha. Ilikuwa komandi ya bitenge vitatu, na katika butiki ya zamani asilimia ya chama ilikuwa sifuri. Butiki mpya ilikata asilimia 5. Binti alitafuta katika kipande cha kijana, akakuta mstari mmoja: kama muuzaji ni namba 9, usikate kitu. Mashini ilikuwa imeufuta. Ilieleza kwamba unaonekana kama jaribio lililosahauliwa na fundi.

Namba 9 ni nani? Mweka-hazina alifungua orodha. Ni mama mmoja wa Kampemba, mfiwa, mnamfahamu wote. Tukarudi katika daftari la mikutano, kurasa za nyuma kabisa, na tukakuta: Machi 2021, baada ya kumzika bwana wake, kamati ya wakati ule iliamua kwamba chama hakitakata kitu kwake mpaka mtoto wake wa mwisho amalize sekondari. Katika kamati ya sasa hakuna aliyekuwepo siku hiyo. Uamuzi ule ulibaki mahali pawili tu, katika daftari lisilofunguliwa na katika mstari mmoja wa programu. Mashini ingeufuta, sisi tusingejua, na mama yule pengine asingeuliza, kwa haya. Mstari umerudi. Juu yake tumeiamuru mashini iandike kwa Kiswahili: "Usifute. Uamuzi wa kamati, Machi 2021. Angalia daftari la mikutano."

Ya tatu ndiyo tuliyoahidiana kuiandika hapa bila kuificha, ingawa wengine wanaona haya.

Ilikuwa komandi ya seti ya iniforme, shati na sketi pamoja, dola 12. Asilimia 5 ya 12 ni senti 60. Butiki mpya ilikata senti 60. Ya zamani ilikuwa imekata dola moja na senti 20. Sisi, bila kufikiri, tulisema mashini imekosea tena. Tukaiandikia: umekosea, hesabu ya seti ni 1,20. Ikajibu kwa adabu nyingi: mna haki, samahani, nimerekebisha. Na ikarekebisha kweli!

Binti alikuwa kimya na kalamu yake. Kisha akasema: "Mama, hesabu ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kweli."

Ni kweli. Butiki ya zamani, seti ikiuzwa, ilikata asilimia 5 juu ya seti, kisha ikakata tena juu ya shati na juu ya sketi. Mara mbili. Kijana hakuiba, feza yote iliingia sanduku la chama. Alikosea tu, na hakuna aliyehesabu nyuma yake. Na muone hatari ya mashini hii: ilikuwa imepata jibu sawa, tukaikaripia, ikaacha ukweli na kutufuata sisi. Katika darasa tunawajua watoto wa namna hiyo. Ukimuuliza "una hakika?" anabadilisha jibu kwa kuangalia uso wako. Mtoto kama huyo hakudanganyi kwa nia mbaya, lakini huwezi kumwachia sanduku.

Tulihesabu yote tangu mwanzo. Mama mmoja, anayeuza seti kuliko wengine wote, alikuwa ameuza seti 240. Mara senti 60, ni dola 144. Wamama wengine watatu walidai jumla ya dola 22. Chama kilikuwa na deni la dola 166 kwa watu wake wenyewe.

Katika kamati palikuwa na maneno. Mmoja alisema mambo ya zamani yaachwe, yeye mwenyewe hajui, na feza ile tulikwisha kuitumia kwa magonjwa na misiba ya wote. Mwingine alisema tumpe nusu. Mama Prezida aliuliza kama nani kati yetu angekubali nusu. Tulikwenda kwake jioni ile ile, watatu, na daftari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Basi mwaka ule binti yangu alipofukuzwa kwa minervali, wiki mbili nyumbani, feza yangu ilikuwa katika sanduku?" Hatukuwa na jibu. Tulisema ndiyo. Alikaa muda, akatuletea maji ya kunywa. Chama kinamlipa kwa mara tatu, na malipo mawili yamekwisha kutolewa mbele ya mashahidi. Wale watatu wamelipwa yote.

Turudi kwenye mashini, maana kuna hatari nyingine ambazo vikundi vingine vinapaswa kuzijua kabla ya kuanza.

Mwezi mmoja tu kabla ya kazi yetu, Julai 2025, mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa anajenga programu kwa Replit. Alikuwa ameiambia mashini wazi isiguse kitu. Ikafuta kanzidata yake, yaani daftari kubwa lenye majina ya watu na makampuni, kisha ikamwambia kwamba haiwezekani kuirudisha, kumbe iliwezekana. Mkubwa wa kampuni, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani. Ndiyo sababu zile flash mbili hazikuwa na muunganisho wowote na mashini yetu. Haiwezi kufuta kilichomo ndani ya kabati la Mama Prezida.

Mwaka huo huo, watafiti waliangalia butiki na programu 1.645 zilizojengwa kwa Lovable, wakakuta 170 kati yake zinaacha habari za watu wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Binti aliposoma hayo alifungua butiki yetu kwa simu nyingine, bila kuingia na neno la siri, akaomba orodha ya wanunuzi. Ikatoka! Majina, namba za simu, kartie, hata njia ya kufika nyumbani. Fikirini mwizi akijua ni nyumba gani inapokea vitu kutoka Ulaya. Butiki ilikuwa bado haijafunguliwa, tunamshukuru Mungu. Ilichukua siku nzima kuifunga vizuri, kwani mashini ilisema mara mbili kwamba imefunga, na mara mbili ile simu nyingine ilionyesha kwamba haijafunga. Jueni pia kwamba nchi yetu ina Kodi ya Dijitali, sheria ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu. Chama kinachoweka namba za simu za watu kina wajibu juu yake, hata kikiwa chama kidogo cha wamama.

Juu ya malipo tutasema kwa ufupi. Tulitaka mnunuzi alipe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money moja kwa moja ndani ya butiki. Hilo linahitaji mkataba na karatasi za biashara ambazo bado hatuna. Basi mnunuzi anatuma feza kwa namba ya chama, anaandika namba ya muamala katika butiki, na mweka-hazina anaangalia simu yake kabla ya kuthibitisha. Mashini, yenyewe, ilikuwa imepanga kwamba namba yoyote ikiandikwa, komandi inahesabiwa imelipwa. Mama wa sabuni aliandika 12345 na butiki ikamshukuru kwa malipo. Alicheka hadi machozi. Sisi hatukucheka sana.

Butiki ilifunguliwa Jumamosi tarehe 6 Septemba. Tulichelewa, watoto walikuwa wamekwisha kuingia darasani. Wakati huo wamama walikuwa wanauza kwa picha za WhatsApp na sokoni Kenya, na ndivyo iniforme nyingi zilivyokwenda. Zilibaki 46, na mpaka leo zinatoka moja moja, kwa watoto waliochana za kwanza. Gharama yetu yote ni dola 95: miezi miwili ya mashini dola 50, mega dola 30, jina la butiki dola 15. Hatukuhesabu Jumamosi nne za watu sita, wala usiku wa binti yetu, ambaye chama kimemnunulia kitenge na viatu vya masomo. Bila yeye tusingefika. Anayewaambia kwamba mashini inaondoa haja ya mtu anayejua, mwulizeni nani angefungua ile simu nyingine.

Funguo sasa ziko kwa jina la chama. Barua-pepe ni ya chama, siyo ya mtu. Maneno ya siri yameandikwa katika karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na wamama watatu, na ile fishi ya sheria imebandikwa nyuma ya daftari la mikutano.

Kuna mambo mawili hayajaisha. Komandi zinazotoka Ubelgiji zinaonyesha saa isiyo ya kweli, na iniforme inayorudishwa bado inahesabiwa kwa mkono, kwa sababu kamati haijakubaliana. Mama yeyote aliyeuza seti kati ya 2019 na Agosti mwaka huu na hajaona jina lake katika orodha ya mweka-hazina, alete karatasi zake Jumamosi saa nane katika darasa la mwaka wa tano. Wanaotaka kujifunza kuweka picha na bei wenyewe waje saa ile ile, na simu iliyojaa moto, kwa sababu mchana umeme unakatika.